Punje ya Kutuliza Njaa

Nje ilikuwa Juni, na baridi ya Makete ilikuwa imegandisha umande juu ya majani ya viazi. Ndani ya banda la nne ilikuwa siku ndefu ya kiangazi cha nchi za mbali. Taa ziliwaka kwa saa kumi na saba kila siku, kwa kuwa minki, wanyama wadogo wala nyama wanaofugwa kwa manyoya yao, hupandana na kuzaa kwa kufuata urefu wa mchana, na mchana wa huku kwetu haurefuki vya kutosha kumdanganya mnyama wa kaskazini. Tangu nchi za huko zilipofunga mashamba yao na biashara ya manyoya kuhamia nyanda za juu, majira ya wanyama hawa yalikuwa yakiwashwa na kuzimwa kwa swichi.

Yustina Ndelwa alikuwa akining'iniza koti lake mlangoni alipomwona Mama Obedi amesimama katikati ya safu za vizimba, mikono imefungwa nyuma. Mama Obedi alihudumia banda hilo tangu siku lilipoezekwa, na hakuwa mtu wa kusimama bure.

"Kuna nini, mama?"

"Njoo umwone wa kizimba mia mbili na kumi na mbili."

Jike lilikuwa limelala ubavu ndani ya kisanduku cha kuzalia. Vitoto saba vilikuwa vimejipanga tumboni pake, vinavuta chuchu kwa nguvu zote. Yustina aliingiza mkono akagusa shingo ya mama yao. Ilikuwa ya baridi kama waya wa kizimba.

"Tangu lini?"

"Jana alasiri alikuwa hai. Nilimwekea bonge lake la chakula juu ya waya kama kawaida. Akalitazama. Watoto wakapanda wakaanza kulila, naye akawaachia. Hakulia, hakukwaruza. Alikuwa ametulia tu, kama wenzake wote walivyotulia."

Yustina akavitoa vitoto kimoja kimoja, akavitia kwenye ndoo iliyotandikwa majani makavu. Kwenye ngozi ya shingo ya yule jike, chini ya manyoya meusi, kidole chake kilikutana na kitu kigumu, kidogo. Alikijua. Alikuwa amekitengeneza yeye.

Wahudumu walikiita punje kwa sababu kilikuwa na ukubwa wa punje ya mchele. Kiliingizwa kwa sindano kando ya mshipa unaopeleka habari za tumbo kichwani, na kazi yake ilikuwa kuzifunga habari hizo. Mnyama mwenye punje hakushiba. Alichokosa ni kujua tu kwamba hajashiba.

Na kilizaliwa kwa huruma, hilo Yustina angeweza kuapa. Mwaka wake wa kwanza hapo shambani aliona yanayowapata majike katika zile wiki za kupunguzwa mwili kabla ya kupandishwa, maana jike lenye mafuta mengi huzaa watoto wachache. Walipewa chakula kidogo, wakawa wanazunguka vizimbani kutoka pembe hadi pembe, mamia yao kwa pamoja, kutwa nzima. Wengine walitafuna mikia yao mpaka mfupa ukaonekana. Alishindwa kuvumilia. Alihangaika miaka mitatu na ile punje, na majira yaliyofuata mikia ikaota manyoya upya. Mama Obedi alimletea jogoo nyumbani kumshukuru.

Kisha samaki wa ziwani wakaadimika misimu miwili mfululizo, na mapipa ya vichwa na matumbo ya samaki yaliyokuwa yakija kila juma yakapungua. Meneja Mwakalinga, mtu mpole wa sauti ya chini, alimwita ofisini.

"Daktari Ndelwa, hizi punje mnazitoa lini?"

"Baada ya kupandisha, meneja."

"Na zikibaki?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lote. Zilibaki. Chakula cha wanaonyonyesha kikabadilishwa, shayiri ikaongezwa, samaki akapunguzwa, na hakuna jike lililolalamika.

Sasa Mwakalinga mwenyewe alitokea mlangoni mwa banda, akaiona ndoo, akamwona Mama Obedi, akaelewa.

"Mtoeni huyo," alisema taratibu. "Mgeni wetu amefika getini."

*

Mgeni aliitwa Hashil. Alitoka Mamlaka ya Mgao, iliyogawa chakula katika kambi za watu waliohamishwa na ukame, na kambi yake ilikuwa Isungu, huko chini kwenye tambarare. Alikuwa mwembamba, shati lake limefuliwa mno mpaka rangi imesahaulika. Alipoingia bandani alivua kofia kama mtu anayeingia mahali pa ibada.

"Hawa wote wana watoto?" aliuliza.

"Majike mia sita," Mwakalinga alijibu. "Wote wananyonyesha."

Hashil alitembea safu nzima, akarudi, akasimama mbele ya Yustina.

"Daktari, mimi nina watoto elfu tatu na mama zao. Mgao wetu ni nusu, na utabaki nusu mpaka mvua inyeshe na barabara za kusini zifunguke. Chakula kingine hakipo. Nimelia, nimepiga magoti, hakipo. Kilio kinaanza saa nane mchana, baada ya uji kwisha. Kinaanzia hema moja, kinapokewa na jingine. Akina mama wanapigana kwenye foleni kugombea ukoko wa sufuria. Siku hizi natembea na pamba masikioni." Akauliza kama anayeogopa jibu, "Kwa binadamu kitu hiki kingefanya kazi?"

"Mshipa ni uleule," Yustina alisema, na baadaye alikumbuka kwamba alilisema kwa fahari.

"Kina madhara?"

Mwakalinga akamkabidhi Hashil taarifa yenye jalada la bluu. "Misimu mitatu ya majaribio. Kila kitu kimo humo."

Si kila kitu kilikuwamo. Mwaka uliotangulia majike kumi na mmoja walikufa kati ya wiki ya nne na ya sita ya kunyonyesha. Mwakalinga alisema ni maradhi yaliyoingia bandani, yasiyohusiana na punje, na kwamba ukurasa wake ungewachanganya wasomaji bure. Yustina alikuwa amewachunguza wote kumi na mmoja na hakuona dalili ya maradhi yoyote. Hata hivyo aliuondoa ukurasa, akatia sahihi yake chini ya yaliyobaki.

"Kwa wanaonyonyesha..." alianza.

Hashil akamgeukia. "Ndiyo?"

 Mwakalinga alimtazama, wala si kwa ukali. Vitoto saba vilikuwa ndooni nyuma ya mlango wa jiko la chakula, hatua kumi kutoka pale.

"Kwa wanaonyonyesha inabidi uangalifu," Yustina alimaliza. "Wapimwe uzito."

"Tutawapima," Hashil alisema, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akubariki, Daktari. Mimi nataka walale tu."

*

Juma moja baadaye Mama Obedi aliingia maabara na beseni kubwa, akalitua juu ya meza. Ndani yake mlikuwa na majike kumi na wanne.

"Waliokufa tangu mgeni aondoke," alisema. "Nimekuletea wote pamoja, maana nikileta mmoja mmoja unavaa uso wa mtu aliyepatwa na ajali."

Yustina akavaa glavu. Alipasua wa kwanza, wa pili, wa tatu. Figo hazikuwa na chembe ya mafuta. Nyama ya mapaja ilikuwa imeliwa kutoka ndani mpaka ikabaki utando, na maini yalikuwa ya manjano, yanavunjikavunjika kama muhogo uliochemka sana. Kwa wa nne alisimama. Hakuwa na haja ya kuendelea.

"Niambie kwa maneno yangu mimi," Mama Obedi alisema. "Wanakufa kwa nini?"

Yustina aliweka kisu kando. "Mtu akikosa nyama na maharage, mwili wake unajibana. Ini linapunguza matumizi, linasubiri. Minki hawezi. Ameumbwa ale nyama tu, kwa hiyo ini lake linachoma protini usiku na mchana kama injini isiyo na breki. Lisipoipata kwenye bonge, linaichukua mgongoni na mapajani kwake mwenyewe. Katika kila sehemu mia za nguvu anazokula, anayenyonyesha anahitaji arobaini na tano zitokane na protini. Mimi nilikuwa nikimpa thelathini na mbili."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Na wiki hizi za mwisho, maziwa yanatoka mengi kuliko wakati wowote, na watoto nao wameanza kula bonge la mama."

"Ndiyo."

"Naye hagombei, kwa sababu hajui kama ana njaa."

"Ndiyo, mama." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini nanyi mbona hamkuona? Mnapita pale kila siku."

 Mama Obedi hakupandisha sauti.

"Mwanangu, sisi hatukusoma. Tulikuwa tunajuaje nani ana njaa? Si kwa kelele? Aliyekwaruza waya tulimwongeza. Aliyelia tulimwongeza mara mbili. Wewe ukawanyamazisha, sasa unaniuliza mbona sikusikia?"

Yustina akavua glavu akaziweka mezani.

"Yule mgeni," Mama Obedi aliendelea, "mwenye mahema ya akina mama. Ulimwambia habari ya wale kumi na mmoja?"

Friji la maabara liliunguruma, likazima.

"Hukumwambia," Mama Obedi alisema. Akatoka, beseni akaliacha.

*

Jioni ile ile Yustina aliamua kumwandikia Hashil. Aliandika mistari miwili, akasimama kuchemsha chai, na aliporudi mistari ile ilikuwa imeshakuwa migumu. Ilibidi aseme kwamba taarifa yenye jina lake ilikuwa na uongo. Angefukuzwa, na hilo angelistahimili, lakini pia asingeajiriwa tena mahali popote penye mnyama wa kulishwa. Baba yake kule Tandala angeyasikia redioni. Kesho yake alijiambia kwamba watu si minki, kwamba mwili wa mwanamke una breki ambazo minki hana, na maneno hayo yalikuwa kweli, ndiyo maana yalimfariji. Keshokutwa alijiambia kwamba Hashil ameshaahidi kuwapima. Siku ya nne alijiambia kwamba ofisi za serikali hazifanyi jambo kabla ya miezi mitatu.

Kila asubuhi alikuta Mama Obedi na wenzake wakitoa punje kwa wembe na koleo ndogo, jike moja baada ya jingine, bila ruhusa ya mtu. Waliongeza samaki kutoka akiba ya madume. Hakuwazuia. Siku ya sita alichukua koleo akaungana nao, na Mama Obedi akasogea kumpa nafasi, lakini hakumsemesha.

Siku ya tisa aliandika barua. Alieleza yote: kumi na mmoja wa mwaka jana, wale kumi na wanne, ukurasa ulioondolewa na mkono uliouondoa. Mwishoni aliandika, *Usiwawekee wanaonyonyesha. Usimwekee mtu yeyote mpaka uwe na chakula cha kumpa.* Aliituma, kisha akaipeleka nakala kwa Mwakalinga.

Mwakalinga aliisoma akiwa amesimama. Alipomaliza aliketi.

"Ningeweza kukuambia sikujua," alisema.

"Ulijua, meneja."

"Nilijua kama wewe ulivyojua. Nusunusu." Akaikunja karatasi. "Fungasha vitu vyako, Daktari. Mimi sina la kufanya, na wewe huna."

*

Hashil alikuja mwenyewe, mwezi mmoja kamili tangu siku ile ya kwanza. Yustina alikuwa nyumbani kwa baba yake, anachambua mbegu za viazi barazani, gari la Mamlaka lilipoegeshwa kando ya ua. Alimtambua kwa shati.

"Barua yako imenifikia juzi," Hashil alisema bila hata salamu, kisha akajirudi. "Samahani. Habari za hapa, Daktari?"

"Salama. Karibu ukae."

Alikaa, kofia magotini. "Ilizunguka kwenye meza za watu karibu wiki mbili. Kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kuisoma. Lakini nisikudanganye. Tulianza kuweka punje siku kumi na mbili baada ya kuja kwangu. Ungeandika mapema kidogo, ningeisoma kabla hayajatokea yaliyotokea."

Yustina alihesabu bila kutaka. Ile siku ya beseni ilikuwa ya saba, na barua aliituma siku tisa baadaye.

"Mliwawekea wangapi?"

"Tulianza na wanaonyonyesha, kwa kuwa ndio waliokuwa wakiumizana kwenye foleni. Sitini na mmoja." Alizungusha kofia. "Daktari, ulisema tuwapime. Tulipima mara ya kwanza. Kisha kambi ikatulia. Hujui utulivu ule. Watu walianza kusalimiana. Mwanamke mmoja alisuka wenzake nywele. Nikatoa pamba masikioni, nikamshukuru Mungu, na mizani nikaipeleka hema la wagonjwa walikohitaji zaidi."

"Wangapi?"

"Wanne. Na kichanga mmoja." Akaiweka kofia chini. "Mwili wa mtu una breki, nimesoma barua yako, nimeelewa. Wangeweza kuvuka. Lakini hawakusikia njaa, kwa hiyo waligawa. Kila mmoja alikuwa na watoto wakubwa, akawa anawamiminia uji wake. Tukiwauliza wanasema wameshiba. Na hawakuwa wanasema uongo, Daktari. Nani angeweza kuwabishia?"

Baba yake Yustina alitokeza mlangoni, akaona nyuso zao, akarudi ndani.

"Umekuja kunikamata?"

"Mimi? Mimi nani?" Hashil alicheka kicheko kisicho na furaha. "Nimekuja kwa shida nyingine. Punje tumezitoa zote. Sasa wanataka tuwarudishie. Wale hamsini na saba waliobaki wamekaa mlangoni kwangu siku ya pili leo. Nimewaeleza juu ya waliokufa. Wanasema wanajua, waliwazika wenyewe. Wanasema bado wanataka. Sina la kuwajibu. Nikasema nitamleta aliyezitengeneza."

Yustina alitazama viganja vyake vyenye udongo. Alisimama, akanawa kwenye ndoo, akapanda gari akiwa na kanga ya nyumbani.

*

Waliteremka kutoka kwenye baridi saa nzima mpaka vioo vikafunguliwa, na saa mbili nyingine kwenye vumbi. Isungu ilikuwa mahema ya rangi moja mpaka macho yanapoishia. Saa nane ilikuwa imepita. Yustina alikisikia kilio kabla gari halijasimama.

Wanawake walikuwa wamekaa chini mbele ya ofisi ya mabati, watoto mapajani. Hashil aliwatajia jina la Yustina na kazi yake, kisha akasogea pembeni. Hakuna aliyempigia kelele. Mmoja wa mbele, aliyeitwa Chausiku, mwenye mtoto wa miezi saba hivi anayelia kwa sauti iliyokauka, ndiye aliyesema kwa niaba ya wote.

"Ni wewe uliyeitengeneza?"

"Ni mimi."

"Basi nirudishie yangu."

"Siwezi, dada yangu. Itakuua."

"Itaniua ikiwa nitagawa chakula. Sasa nimeshaambiwa. Nitakula sehemu yangu hata kama sisikii njaa. Niwekee."

 Yustina aliona kwamba jambo lile lilikuwa na akili. Mtu aliyeonywa, aliyepimwa kila asubuhi, mwenye chakula kamili hata kama ni kidogo, pengine angeweza. Pengine. Alimwazia mwanamke huyu wiki tatu mbele, ametulia, bakuli mkononi, mtoto wake mkubwa akimtazama.

"Mkubwa wako ana miaka mingapi?" aliuliza.

"Minne."

"Akikutazama unakula, nawe huna njaa, utamnyima?"

Chausiku alimhamishia mtoto paja jingine. Nyuma yake mwanamke mmoja alijifunika uso kwa ushungi.

"Nilijua wanakufa," Yustina alisema, na sasa alikuwa akisema nao wote. "Niliwaona wanyama wangu wakifa hivyo, mwaka mzima kabla, na sikumwambia huyu bwana alipokuja. Nilipoamua kusema nikangoja siku tisa kwa kuogopa aibu. Wenzenu wanne walikufa kwa sababu ya siku hizo tisa. Sitawawekea. Mkinichukia, nichukieni."

"Kukuchukia kutanisaidia nini?" Chausiku alisema. Uchovu ulikuwa umemaliza hasira zote usoni pake. "Wewe unasema hapana, halafu unapanda gari. Mimi nabaki na hii." Akamwonyesha kwa kidevu mtoto aliyekuwa akilia. "Tangu alfajiri. Ziwa halina kitu. Unasikia?"

"Nasikia."

"Basi mshike."

Akamnyanyua mtoto na kumweka mikononi mwa Yustina, kisha akalala palepale chini, kichwa juu ya mkono, akafumba macho. Wenzake walitazama. Hashil alipiga hatua moja, akasita.

Yustina aliketi vumbini. Mtoto alikuwa mwepesi kuliko alivyotegemea, na mwenye nguvu kuliko alivyotegemea. Alikunja mgongo, akageuza uso huku na huku kwenye kanga, akatafuta, akakosa, akalia. Dereva alikuja kuuliza kama wanarudi leo au wanalala.  Yustina alimbeba mtoto begani, akampakata, akambeba tena, na jua likasogea kutoka upande mmoja wa ofisi ya mabati mpaka upande wa pili, mtoto analia, mama yake amelala.